Yatokanayo: Lugha ya Kikao katika Halmashauri ya Kijiji nchini Tanzania

1. Utangulizi

Mambo yanayoshughulikiwa na halmashauri ndogo kila mwezi hayana fahari. Ni kalavati lililobomoka, choo cha shule kilichojaa, ng'ombe walioingia katika shamba la jirani, ushuru wa soko uliokusanywa bila stakabadhi. Wataalamu wa siasa huyapita haraka, na wataalamu wa lugha hawayatazami kabisa. Hata hivyo, ni katika mambo hayo ndipo raia walio wengi hukutana na dola, na ni katika lugha ya mambo hayo ndipo hujulikana kama raia wanasikilizwa au wanahutubiwa tu.

Makala haya yanaeleza jinsi halmashauri ya kijiji nchini Tanzania inavyoendesha shughuli zake za kawaida, kisha yanachunguza istilahi na sarufi ya muhtasari, yaani maandishi ya kumbukumbu za kikao. Tanzania imechaguliwa kwa sababu moja: ni nchi ambamo shughuli za serikali ya ngazi ya chini zimeandikwa kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Jambo hilo lina maana kwa Kongo, ambako Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, huku Kifaransa kikibaki lugha rasmi.

2. Muundo wa halmashauri

Historia yake haikunyooka. Mwaka 1972 serikali ya Tanzania ilizivunja halmashauri za wilaya na kuweka mahali pake utaratibu ulioitwa «madaraka mikoani». Mwaka 1975 sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa ilikipa kijiji halmashauri yake. Baadaye Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, inayohusu mamlaka za wilaya, na Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo, inayohusu mamlaka za miji, ziliweka msingi wa mfumo unaotumika hadi leo.

Kijiji cha kisheria si lazima kiwe mkusanyiko wa nyumba chache. Vingi vina soko, shule, zahanati na stendi ya magari, na baadhi vimekua hata vikatangazwa kuwa miji midogo. Kijiji hugawanywa katika vitongoji. Juu yake kuna kata, na juu ya kata kuna halmashauri ya wilaya.

Vyombo vikuu vya kijiji ni viwili. Cha kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkusanyiko wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Hukutana kila baada ya miezi mitatu. Cha pili ni Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Hukutana kila mwezi. Humo wamo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wengine, wakiwamo wanawake wa viti maalumu. Wote huchaguliwa kwa kipindi cha miaka mitano, na chaguzi za karibuni zilifanyika mwaka 2019 na mwaka 2024. Halmashauri ina kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Kando ya mwenyekiti hukaa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Huyu hakuchaguliwa, ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, na ndiye katibu wa vikao. Basi mwenye kiti ni mwingine na mwenye kalamu ni mwingine. Tofauti hiyo itaonekana kuwa na uzito hapo mbele.

3. Mpangilio wa kikao

Muhtasari wa kikao hufuata umbo linalojulikana na kila mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Tanzania, kwa kuwa uandishi wa kumbukumbu za mkutano hufundishwa katika somo la Kiswahili. Kwanza huandikwa majina chini ya vichwa «Waliohudhuria», «Waliokosa kwa udhuru» na «Waliokosa bila udhuru». Mwenyekiti hutazama kama akidi imetimia, yaani kama idadi ya wajumbe inaruhusu kikao kufanyika. Kisha hufuata ajenda: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa ya mapato na matumizi, mambo mapya, mengineyo, kufunga kikao. Mwishoni hutiwa saini za mwenyekiti na katibu.

Mtu asiyezoea anaweza kudhani kwamba huu ni urasimu mtupu. Lakini karatasi hiyo ina nguvu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, ila haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo bila idhini ya Mkutano Mkuu. Ugomvi unapozuka miaka kadhaa baadaye, mara nyingi swali la kwanza huwa hili: muhtasari uko wapi? Je, kikao kilifanyika, akidi ilitimia, jina la mgawiwa limeandikwa? Mjane aliyepewa ekari mbili mbele ya watu mia moja anaweza kushindwa kesi ikiwa watu hao wamekufa au wamehama na karatasi haipo. Sheria ndogo zinazotungwa na kijiji nazo hazianzi kutumika kwa kutamkwa tu: hupitia Mkutano Mkuu, kisha hupelekwa kwa maandishi katika halmashauri ya wilaya ili ziidhinishwe.

4. Istilahi na sarufi ya muhtasari

4.1 Majina ya watu na vyombo

Istilahi za kikao zimetoka mashina mbalimbali. «Kikao» ni tendo la kukaa lililogeuzwa kuwa jina. «Muhtasari» umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kilichofupishwa. «Halmashauri» inabeba ndani yake «mashauri», wingi wa shauri. «Ajenda» imepitia Kiingereza ikitoka Kilatini. «Mtendaji» ni mtu wa kutenda, na kiishio -ji kinaonyesha kwamba kutenda ndiyo kazi yake ya daima.

Neno linalostahili kutazamwa zaidi ni «mjumbe». Kabla ya kuwa mtu wa kikao, mjumbe ni mtu aliyetumwa kupeleka ujumbe. Kwa hiyo lugha yenyewe inamkumbusha mwenye cheo hicho kwamba hakuja kusema yake, na kwamba aliyetumwa hurudi kwa waliomtuma akiwa na jibu. Kongo hutumia zaidi «mshauri» kufasiri neno la Kifaransa «conseiller». Mshauri hutoa shauri, nalo laweza kukubaliwa au kukataliwa. Mjumbe hupeleka neno la watu na kulirudishia jibu. Maneno hayo mawili yanataja kiti kimoja, lakini hayampi mwenye kiti wajibu uleule.

4.2 Njeo katika vichwa vya habari

Vichwa vya muhtasari vinadhihirisha jambo la sarufi ambalo halijitokezi kwa kusoma juujuu. «Waliohudhuria» huchanganuliwa hivi: wa-li-o-hudhuria. Kuna kiambishi cha nafsi, njeo ya wakati uliopita -li-, kirejeshi -o- na shina. Jambo limekwisha; aliyekuwapo alikuwapo, na hakuna wa kuongezwa baadaye. «Yatokanayo» huchanganuliwa ya-tokana-yo: kiambishi cha ngeli ya ma-, shina la kitenzi, na kirejeshi mwishoni. Njeo haimo. Huu ndio urejeshi wa jumla, unaosema juu ya jambo pasipo kulifunga katika wakati wowote.

Tofauti hiyo inalingana na kazi ya vichwa hivyo. Mahudhurio hufungwa siku ileile. Yatokanayo hayafungwi mpaka jambo lenyewe litimie. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba kikao cha Machi kiliazimia kalavati la njia ya zahanati litengenezwe. Katika kikao cha Aprili, jambo hilo litarudi chini ya yatokanayo: je, mawe yamepatikana? Likiwa bado, litarudi Mei, na Juni tena, mbele ya wajumbe walewale. Kipengele hicho kimoja ndicho kinachomlazimisha kiongozi kujibu leo kwa neno la jana. Kikiondolewa, kila kikao huanza upya kama kwamba hakuna lililoahidiwa.

4.3 Vitenzi vinavyoficha mtenda

Sarufi hiyohiyo inaweza pia kutumiwa kwa kukwepa. Linganisha sentensi tatu:

(a) Mwenyekiti wa kitongoji cha kwanza atakusanya mawe kabla ya tarehe 15 Aprili.
(b) Ilikubalika kwamba mawe yakusanywe.
(c) Suala la kalavati litafanyiwa kazi.

Sentensi (a) ina mtenda, tendo na tarehe. Katika (b), kauli ya kutendeka katika «ilikubalika» imemficha aliyekubali, na kauli ya kutendwa katika «yakusanywe» imemficha atakayekusanya. Sentensi (c) ni ya mwisho kwa ustadi wa kukwepa: «litafanyiwa» ina njeo ya wakati ujao isiyo na mpaka, kauli ya kutendea na kauli ya kutendwa kwa pamoja, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Si ajabu kwamba usemi huu umekuwa maarufu katika ofisi za Tanzania. Msikilizaji huondoka akiwa ameridhika. Mwezi ujao haulizwi mtu, kwa sababu hakuna aliyetajwa.

Hapa ndipo tofauti kati ya mwenye kiti na mwenye kalamu inapoonekana. Katibu anayeandika (c) mahali pa (a) hajasema uongo. Amebadili kauli ya kitenzi tu, na kwa kubadili kauli amemwondolea mtu wajibu. Ulinzi dhidi ya hilo ni ule utaratibu wa kusoma na kuthibitisha muhtasari: wajumbe husikia yaliyoandikwa na kuyasahihisha kabla hayajatiwa saini. Lakini ulinzi huo hufanya kazi kwa sharti moja, nalo ni kwamba kila mjumbe aielewe lugha ya muhtasari kama anavyoielewa lugha ya mjadala.

5. Funzo kwa komini za Kongo

Hapana budi kutoitukuza Tanzania kupita kiasi. Kuna vijiji ambavyo mikutano mikuu haiitishwi kwa wakati, na taarifa za mapato husomwa haraka au hazisomwi. Katika uchaguzi wa mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, na chama tawala kilichukua karibu viti vyote. Tena, kwa miaka mingi sheria mama zilikuwa kwa Kiingereza, hata vikao vilivyoendeshwa kwa Kiswahili vilitawaliwa na matini ambayo wajumbe wengi hawakuweza kuisoma. Ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kisheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha peke yake haileti uadilifu. Inaleta uwezekano wa kuuliza.

Nchini Kongo, sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo yenye mamlaka yake inaipa komini baraza la washauri pamoja na chombo cha utendaji kinachoongozwa na burgumestre. Uchaguzi wa washauri ulicheleweshwa kwa miaka mingi. Tarehe 20 Desemba 2023 ndipo washauri wa komini walipochaguliwa katika baadhi ya komini. Katika miji ya mashariki na kusini-mashariki, watu hao huomba kura kwa Kiswahili na hulalamikiwa kwa Kiswahili. Lakini karatasi ya kikao, ambayo ofisi huiita «procès-verbal», kwa desturi ya utawala huandikwa kwa Kifaransa. Hivyo mjadala hufanyika katika lugha moja na kumbukumbu hukaa katika lugha nyingine. Mama wa sokoni aliyelalamikia ushuru hawezi kujua kama lalamiko lake limeandikwa kwa umbo la (a) au la (c).

Haitafutwi hapa kuiga istilahi za Dodoma neno kwa neno. Kongo ina hazina yake. Katika Kivu, «baraza», au «barza», hutaja ukumbi wa mbele ya nyumba na pia mkutano wa wazee wanaoketi kusuluhisha. Neno hilo halihitaji kufundishwa kwa mtu. Kinachohitajika ni kazi ambayo idara za lugha zinaweza kuifanya bila kungoja amri: kukusanya maneno yanayotumiwa kweli katika mikutano ya mitaa na ya komini, kuyalinganisha na yale ya Tanzania, na kutayarisha kielelezo kifupi cha muhtasari kwa Kiswahili ambacho katibu wa komini aweza kukitumia sambamba na matini ya Kifaransa. Kielelezo hicho kinahitaji mambo matatu tu juu ya yale ya kawaida: kila azimio litaje mtenda, litaje tarehe, na lirudi katika kikao kinachofuata.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba shughuli ndogo za halmashauri husimama juu ya maandishi, na kwamba maandishi hayo husimama juu ya maamuzi ya kisarufi: kauli ipi, njeo ipi, mtenda yupi. Kiswahili kina zana za kumtaja mtu na zana za kumficha. Neno «yatokanayo» ni miongoni mwa zana za kwanza. Halina njeo, nalo haliruhusu jambo la kalavati kusahauliwa hadi maji yapite chini yake na watu juu yake.