Kisangani: Baby-foot kwenye parsele, mkubaliane sheria mbele ya mpira wa kwanza

Kuna mchezo mmoja wa meza ambao hewa inapulizwa toka chini, na kipande cha plastiki kinateleza juu yake kama sabuni. Ulitoka Marekani katika miaka ya 1970. Ni mzuri, lakini umeme ukikatika, meza inakuwa meza ya kawaida tu. Sisi tunaokula umeme wa barrage ya Tshopo tunajua siku ngapi tungeucheza.

Ndiyo maana hapa kwetu, Mangobo, Kabondo, Makiso na hata ng'ambo kule Lubunga, vijana wanacheza baby-foot. Ile inaomba tu seremala mzuri, vyuma nane na mpira mdogo. Wazazi wengine wameanza kuweka meza ndani ya parsele, ili watoto wacheze karibu na macho yao. Wazo zuri. Shida ni kwamba meza inaingia nyumbani pamoja na ugomvi wake.

Ugomvi huo unatoka wapi? Kwenye meza za barabarani, anayepigwa ndiye analipa. Kwa hiyo kila goli ni pesa, na mwenye kupoteza atatafuta sababu ya kulikataa. Atasema umezungusha chuma, atasema goli la katikati halihesabiwi, atasema mpira uliingia lakini ulitoka. Mara nyingi hata hasemi uongo: amejifunza sheria zingine kwenye meza ingine.

Maana sheria ziko za aina mbili, na hapa tunazichanganya. Mwingereza Harold Searles Thornton aliomba hati ya mchezo huu mwaka 1921, akaipata 1923. Tangu hapo kila nchi, hata kila baa, ilitengeneza desturi yake. Shirikisho la kimataifa, ITSF, liliundwa mwaka 2002 tu. Sisi tumerithi mengi ya desturi za Wafaransa, kuanzia jina lenyewe.

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Kila upande una wachezaji 11 kwenye vyuma vinne: kipa mmoja, mabeki wawili, watano wa katikati na washambuliaji watatu. Anayeanza anajulikana kwa kurusha kichele. Kisha, kila mara, aliyefungwa ndiye anaingiza mpira. Mbele ya kuuingiza, uliza mwenzako kama yuko tayari, na ungoje ajibu. Goli la haraka haraka wakati mwenzako anafunga kamba ya kiatu si goli.

Mkicheza wawili kwa wawili, mmoja anashika kipa na mabeki, mwingine anashika katikati na mbele. Hamuruhusiwi kubadilishana nafasi wakati mpira unatembea; ngojeni goli. Mchezo unaisha kwa magoli matano, na kwa kawaida mnacheza michezo mitatu: mwenye kushinda miwili, amemaliza.

Sasa kuzungusha. Hapa ndipo nyumba inapata makelele. Sheria ya kimataifa inasema chuma kisipite mzunguko mmoja mzima, iwe mbele ya kugusa mpira au kisha kuugusa. Ukipita, goli halihesabiwi. Watoto wanapenda sana kuzungusha kwa sababu hakuombi akili, unageuza tu mkono na kuomba Mungu. Mimi naona ndiyo sheria ya kwanza ya kushikilia, kwani mtoto akizoea kuzungusha hatajifunza kamwe kusimamisha mpira, kuupitisha na kupiga. Na vyuma vya seremala wetu vinachoka haraka.

Goli la katikati, lile linalotoka kwa wale watano, ndilo lenye ubishi mkubwa. Kwa ITSF linahesabiwa kama goli lingine lolote. Kwa desturi ya baa za Ufaransa halihesabiwi, na goli linalofuata linakuwa mawili. Zote mbili ni sheria za kweli, chagueni moja. Hali ni hiyo hiyo kwa mpira unaoingia ndani, unagonga mbao na kurudi uwanjani. Kimataifa ni goli moja, basi. Desturi zingine zinaupa hesabu yake ya pekee, mpaka watu wanahitaji daftari. Kwa nyumba yenye watoto, mimi ningebaki na ya kimataifa: ni nyepesi kukumbuka.

Mpira ukisimama mahali ambapo hakuna anayeufikia, usiingize mkono bila ruhusa, na usiinue meza wala kuigonga kwa tumbo. Ukisimama katikati ya safu mbili za watano, unaingizwa tena na yule aliyeuingiza. Ukisimama nyuma zaidi, upande wa lango moja, wanapewa mabeki wa upande ule. Na asiwepo mtu wa kulala na mpira: sekunde 10 kwa wale watano, sekunde 15 kwa vyuma vingine. Kama hakuna saa, mtu mmoja ahesabu kwa sauti.

Nyumbani, ile desturi ya anayepigwa kulipa muiache kabisa. Anayepigwa atoke, mwingine aingie, imetosha. Kama kuna watoto wengi, andikeni zamu kwa choki juu ya mbao, kwani mkubwa wa nyumba akianza kusema nani anafuata, wadogo hawatacheza.

Jambo la mwisho ni la macho. Kwenye meza nyingi za seremala, chuma kinatokea upande wa pili kila ukikisukuma, na ncha yake iko sawasawa na uso wa mtoto wa miaka minne au mitano. Msiwaache wadogo wasimame pembeni; wakae upande wa magoli. Funikeni ncha kwa kipande cha mpira wa ndani wa kinga. Na kwa sababu mvua yetu haina msimu, weka bashi juu ya meza kila jioni: mbao ikishiba maji inavimba, na mpira unaanza kuelekea lango moja tu.