Kisu cha kukunja: Kikague kabla hakijakula kidole chako

Nina kovu kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia, na umri wake ni miaka sita. Nililipata Umoja, nikiwa juu ya ngazi, nikitumia ncha ya kisu cha kukunja kupanua tundu la boksi ya soketi. Kisu chenyewe nilikuwa nimekinunua kando ya barabara kwa shilingi mia tatu. Kilikuwa kimeandikwa jina kubwa la Kimarekani na kinang'aa kama kijiko cha harusi. Nilisukuma, kikajikunja. Nikashonwa nyuzi tano, nikadungwa sindano ya pepopunda, nikakaa wiki tatu bila kazi. Kama wewe pia unaishi kwa kibarua, unajua wiki tatu bila kazi ni nini. Landilodi haulizi habari za kidole.

Ndiyo maana binamu yangu anayeishi Marietta, jimbo la Georgia, aliponiambia, "Jumamosi nakupeleka maonyesho ya visu," nilicheka. Maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park nayajua. Ya magari nimeona. Lakini ya visu? Nani hulipa kiingilio kwenda kuangalia visu?

Watu ni wengi kuliko unavyofikiria. Maonyesho haya yanaitwa Blade Show, yamekuwapo tangu 1982, na huhesabiwa kuwa makubwa zaidi duniani ya aina yake. Kwa miaka mingi yamefanyika mwezi Juni, Ijumaa hadi Jumapili, katika ukumbi wa Cobb Galleria nje kidogo ya Atlanta. Marietta iko papo hapo jirani, na Wakenya huko ni wengi kiasi kwamba ukisikia mtu anaitisha chai ya maziwa kwa Kiswahili hata hugeuki.

Tulipiga foleni. Ndani ni meza baada ya meza, na juu ya kila meza visu vimepangwa kama samaki wa Kisumu asubuhi. Vya jikoni, vya kuchinjia, vya uwindaji. Mimi nilienda moja kwa moja kwa vile vya kukunja, na nikafanya kosa la kwanza ambalo nisingependa ulifanye. Niliona kisu kipya cha mpini mweusi, nikanyoosha mkono, nikakidaka.

Mwenye meza, mzee mwenye ndevu nyeupe, hakusema kitu. Alikitazama tu kidole changu. Kisha akauliza, kwa upole, "Hiyo ni ya kufuli au ya springi?" Alikuwa ameliona kovu. Nikamwambia ni ya springi. Akatikisa kichwa, akavuta kiti, na somo likaanza. Mengi ya ninayokuandikia hapa nilianza kuyaelewa kwenye meza ile.

Kwanza adabu. Kisu cha mtu huombwi kwa macho, huombwa kwa mdomo. Uliza, "Naweza kukishika?" Karibu kila mtu atakubali, maana ndicho kilichomleta. Ukishapewa, kifungue taratibu juu ya meza, si juu ya mguu wako wala wa jirani. Usikipige piga kama wale wa sinema. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa akifungua na kufunga, fyaa, fyaa, hadi kikamponyoka. Hakikumkata mtu, lakini ncha iligonga sakafu, na kisu cha ncha iliyopinda hakirudi kuwa kipya. Usipitishe kidole kwenye makali kujua kama kinakata. Usiguseguse ubapa bila sababu pia. Jasho la mkono lina chumvi, na chuma kingine hupata kutu haraka. Ukimaliza, kifunge kabla ya kukirudisha.

Baada ya hapo ndipo unakikagua, na hapa usiwe na haraka. Anza kikiwa kimefungwa. Kitazame kwa juu, uone ubapa umelala wapi ndani ya mpini. Ukiwa katikati, aliyekiunga alitulia. Ukiwa umeegemea upande mmoja unakwaruza, ujue skrubu ya ekseli imekazwa vibaya au mpini wenyewe umepinda. Sasa kifungue polepole, usikilize. Kizuri huteleza kama droo ya meza mpya. Kibaya hukwama, hukoroma, kisha huruka ghafla. Kikishafunguka, kamata mpini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili bana ubapa kwenye mgongo wake, mbali na makali. Usukume kushoto na kulia. Kisha juu na chini. Kutikisika kidogo kushoto na kulia mara nyingi kunarekebishwa kwa bisibisi. Kutikisika juu na chini ni habari nyingine. Maana yake kufuli halikai sawasawa, na hicho kisu hata ukipewa bure kirudishe.

Hapo ndipo mzee alinipa kisu cha pili, kisha cha tatu, nione kwamba makufuli si mamoja.

Kuna visu visivyo na kufuli kabisa. Springi iliyo mgongoni inabana ubapa, basi. Vile vidogo vyekundu vya Uswisi, vya Victorinox, vingi viko hivyo. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la Uswisi visu 1891, na mpaka leo kisu cha aina hiyo ni kizuri sana kwa kukata kamba, kumenya chungwa au kufungua barua. Shida huja ukisukuma ncha, kama nilivyosukuma mimi. Springi haina ubishi. Ikizidiwa inaachia.

Cha pili kina kufuli la mgongoni, lile la kubonyeza nyuma ya mpini. Kampuni ya Buck ndiyo iliyolieneza kwa kisu chake cha 110 tangu 1964. Ni zito, linakaza, lakini unahitaji mikono miwili kulifunga. Halafu kuna kile ambacho utakutana nacho sana hata kwetu. Ndani ya mpini kuna kibati cha chuma ambacho kisu kikifunguka kinaruka pembeni na kuegemea kitako cha ubapa. Mmarekani Michael Walker ndiye anayetajwa kwa kukipa umbo lake la kisasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kikitengenezwa vizuri kinashika vyema. Kikitengenezwa ovyo, kibati ni chembamba kama mfuniko wa sodini na kinagusa ukingo tu wa kitako. Ukikamata kisu kwa nguvu na kukizungusha kidogo, kibati kinateleza, na ubapa unakuja nyumbani. Nyumbani ni kwa vidole vyako.

Kwa hivyo unapokagua cha aina hiyo, kifungue, ukigeuze, utazame kibati kimeingia kiasi gani. Kiwe kimeshuka nyuma ya kitako vya kutosha uone chuma juu ya chuma, lakini kisiwe kimevuka hadi kugusa upande wa pili, kwa sababu kikizidi kulika hakitakuwa na pa kuegemea. Na unapokifunga, ondoa dole gumba njiani kabla ubapa haujateremka. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakisahau hilo. Meza mbili nilizopita zilikuwa na boksi la plasta limewekwa wazi kabisa, kama sukari hotelini.

Kisu kilichonishangaza zaidi kilikuwa na jina ambalo mzee hakujua jinsi linavyosikika masikioni mwa Mwafrika. Kinaitwa Sebenza. Aliyekibuni, Chris Reeve, ni mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho mwaka 1989, na neno hilo ni la Kizulu: fanya kazi. Vingine vya karakana hiyo vinaitwa Inkosi, yaani chifu, na Mnandi, yaani kitamu au kizuri. Huyu bwana alichukua wazo la kibati, akakitupa kibati chenyewe. Badala yake alikata upande mmoja wa mpini, ambao ni wa titani nene, ukawa ndio kufuli. Maana yake kadiri unavyokamata kwa nguvu, ndivyo mkono wako unavyolibana kufuli mahali pake. Nilikishika. Sijui nikuambieje. Hakina madoido, hakina rangi, lakini kila kitu kinakutana na mwenzake bila kelele. Nikauliza bei. Zaidi ya dola mia nne. Nikapiga hesabu kichwani kwa shilingi, nikakirudisha mezani kwa mikono miwili kama mtoto wa mwenyewe.

Binamu akaninong'oneza, "Kaka, si hiyo ni kodi ya nyumba miezi mitatu?"

Ndiyo. Na usidhani kila anayeingia ukumbini ana pesa hizo. Wengi wanashika tu, wanarudisha, wanaenda meza nyingine. Kushika ni bure, na mkono ukishajua kizuri kinavyokaa, hauwezi tena kudanganywa na kibaya. Kisu changu cha shilingi mia tatu, ningekuwa nimeshika hata viwili vizuri kabla yake, kingenikera vidoleni kabla sijatoa pesa. Kilikuwa kikicheza juu na chini kama jino bovu. Jina kubwa lililoandikwa ubavuni lilikuwa la kuibwa tu. Makampuni yanayojulikana hunakiliwa kila siku. Anayenakili huiga lile tundu la duara la Spyderco la kufungulia kwa dole gumba, ambalo kampuni hiyo ya Colorado ilianza kulitumia 1981, huiga klipu, huiga hata boksi. Kigumu kuiga ni ugumu wa chuma na usawa wa kufuli, kwa sababu hivyo vinataka muda na mashine nzuri, na bei ya kutupa haina nafasi ya vyote viwili.

Sasa nikuambie nilichonunua, na ukicheka si wewe wa kwanza. Nilinunua Opinel namba 8, ya Wafaransa, chini ya dola ishirini na tano. Mpini wa mti, ubapa mwembamba, na pete ya chuma shingoni. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza Savoie mwaka 1890. Pete iliongezwa 1955. Ukifungua unazungusha pete, na ubapa hauna tena pa kurudi. Hakuna kibati, hakuna cha kuteleza, hakuna skrubu. Siku hizi pete hiyo inafunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hivyo hakifunguki begini. Kina udhaifu wake. Mti ukilowa unavimba, ubapa unakataa kutoka hadi ukauke. Na ukisahau kuzungusha pete, hakina tofauti na kile kilichonikata. Binamu hakuamini. "Umevuka bahari kuja kununua kisu cha mti?"

Kabla hujakimbia kutafuta chako, kuna jambo huko Atlanta halikuwa likizungumzwa sana lakini wewe na mimi hatuwezi kuliruka. Kule Georgia nilimwona mwanamume amejipangia klipu tatu mfukoni, anakula soseji, hakuna anayemjali. Hapa Nairobi kijana akikutwa na kisu mfukoni saa nne usiku, maelezo yake huwa magumu hata kama alikuwa akitoka kazini. Kifungu cha 308 cha Kanuni za Adhabu kinamlenga anayekutwa na silaha hatari katika hali inayoonyesha alikusudia kutenda kosa kubwa, na adhabu yake haianzii chini ya miaka 7. Neno zito hapo ni "hali". Hali ni saa, mahali, uliye naye na unachoeleza. Kwa hivyo changu kinakaa kwenye boksi la vifaa pamoja na koleo na bisibisi, na jioni boksi linafungwa. Hakiendi mkutanoni, hakiendi kilabuni, hakiendi kwenye maandamano hata siku moja. Ukisafiri, kiweke kwenye mzigo unaopimwa, si begi la mkononi. Na ukienda Uingereza, tahadhari zaidi: huko cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaweza kutembea nacho, mradi hakina kufuli. Kikiwa na kufuli unatakiwa uwe na sababu nzuri. Yaani kile kinacholinda kidole chako ndicho kinachomtia polisi wasiwasi. Mimi siwezi kuwalaumu, lakini kidole nacho nakihurumia.

Wiki iliyopita tulikuwa Kayole na mwanafunzi wangu, tunavuta waya nyumba mpya. Akaniomba kisu akate paipu. Nikampa. Akakifungua, akakitazama, akasukuma ubapa kushoto na kulia, kisha juu na chini, kama nilivyomfundisha. Ubapa ukashuka kidogo. Akaniangalia kwa mashaka.

"Boss, hiki nacho kinajikunja."

"Zungusha hiyo pete," nikamwambia.

Akazungusha, akajaribu tena, kikakaa imara. Ndipo akapanda ngazi.