Mtoto Anapoonewa Shuleni: Mama, Msaidie Apate Ujasiri

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu, kwani jambo la leo huenda liko hapo hapo nyumbani kwako.

Hebu tumfikirie mtoto mmoja wa hapa Jomvu Kuu. Ana miaka tisa, yuko gredi ya nne. Kila asubuhi mamake humpa shilingi kumi anunue mabuyu au kachiri. Njiani humngoja mtoto mkubwa kuliko yeye, humpokonya pesa na kumwambia, "Ukisema, utaniona." Wiki ya pili mtoto anaanza kulalamika kwamba tumbo linamuuma. Jumamosi haliumi. Jumapili jioni linaanza tena. Mama anamnunulia dawa ya minyoo, lakini dawa haisaidii.

Je, mtoto huyu ni mwongo? La, mama. Tumbo linamuuma kweli. Mtu akiishi na hofu, moyo humwenda mbio, misuli hukaza, tumbo husokota na usingizi hupotea. Hofu ya kila siku ni mzigo kwa mwili wa mtoto, hata kama hakuna jeraha la kuonekana.

Kuonewa si ule ugomvi wa watoto wa siku moja, wakapatana kesho. Kuonewa ni kuumizwa tena na tena na mwenye nguvu zaidi: kwa kupigwa, kuporwa, kutukanwa, kuchekwa umbile au kabila, au kutengwa katika mchezo. Siku hizi hata simu hutumika. Na si jambo dogo. Mwaka 2019 shirika la UNESCO lilieleza kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia.

Utajuaje? Tazama dalili hizi: mtoto hataki kwenda shule au chuoni, vitabu na nguo vinararuka au kupotea, anarudi na njaa ilhali ulimpa pesa, anakojoa kitandani naye alikuwa ameacha, alama zake zinashuka, anawapiga wadogo zake bila sababu. Akisema kwamba heri afe, usidhani ni utani. Usimwache peke yake, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa mama, ufanye nini?

Kwanza, msikilize. Mkae naye pembeni, pengine mkichambua mboga, umwulize polepole. Usimwambie, "Na wewe umezidi uoga!" wala, "Nenda ukampige." Ukimtuma akapigane, ataumia zaidi, au yeye ndiye ataadhibiwa. Mwambie hivi: "Mwanangu, umefanya vizuri kuniambia. Si makosa yako. Tutalimaliza pamoja."

Pili, mfundishe kwamba ujasiri si ngumi. Ujasiri ni kusema. Watoto wengi hunyamaza wakiogopa kuitwa wachongezi. Mweleze tofauti: kuchongea ni kusema ili mwenzako aadhibiwe, kutoa habari ni kusema ili mtu asiumie.

Tatu, fanyeni mazoezi nyumbani. Wewe jifanye yule mchokozi, naye asimame wima, akutazame usoni, aseme kwa sauti: "Niache! Sipendi!" Kisha aondoke kuelekea penye watu, asingoje kujibizana. Mara ya kwanza sauti itatetemeka. Rudieni hata mara tano. Mchokozi hutafuta machozi au hasira. Akikosa, na watu wakageuka kutazama, mara nyingi hupungukiwa nguvu. Lakini kama kuna kisu, au wachokozi ni wengi, mtoto aachie pesa na akimbilie kwa mtu mzima. Uhai ni bora kuliko shilingi kumi.

Nne, asitembee peke yake. Waunganishe watoto wa majirani waende na kurudi pamoja.

Tano, nenda shuleni. Usimvizie mtoto wa mwenzio njiani ukamchapa. Andika siku, mahali na kilichotokea, kisha umwone mwalimu wa darasa. Asipokusaidia, mwone mwalimu mkuu, halafu bodi ya shule. Uliza ni nani anayewaangalia watoto wakati wa mapumziko na vyooni. Huko Norway, tangu mwaka 1983, mtaalamu Dan Olweus alionyesha kwamba uonevu hupungua sana watu wazima wanapoungana kuusimamia, bila kumwachia mtoto peke yake.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa kimawazo. Waweza pia kumwona afisa wa watoto, au kupiga simu nambari 116, bila malipo, mchana na usiku.

Na je, ukiitwa shuleni uambiwe kwamba mwanao ndiye mwonevu? Usikasirike wala usimtetee upofu. Mchunguze. Pengine naye anapigwa mahali, au ameyaona nyumbani. Mwonyeshe kosa lake, arudishe alichochukua na aombe radhi. Ukimpiga, utakuwa umemfundisha yale yale.

Mama, wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Jioni ya leo, kabla mwanao hajalala, mwulize: "Leo shuleni ulicheza na nani?" Kisha nyamaza, umsikilize.



Maswali ya kikundi cha wasikilizaji
1. Watoto wetu huonewa zaidi wapi: njiani, darasani au vyooni?
2. Ni mama gani kati yetu wanaoweza kupokezana kuwasindikiza watoto?
3. Ni nani atakayepeleka jambo hili kwa mwalimu mkuu, na lini?