Pikapu Yangu kwa Miaka Kumi na Mitatu

Wanafunzi wa shule yetu wameniuliza mara nyingi maswali mawili juu ya pikapu yangu. La kwanza huulizwa na wale wanaotazamia kununua gari siku moja: "Mwalimu, je, pikapu ni gari zuri?" La pili huulizwa kwa manung'uniko kila wakati wa michezo: "Mwalimu, kwa nini hukubali kutupakia nyuma twende kwenye mechi, na gari tunaliona tupu?" Maswali haya mawili yana jibu moja, nami nimeona heri niliandike hapa katika gazeti letu ili wazazi nao walisome.

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya milango minne, iliyotengenezwa mwaka 2008. Injini yake ni ya dizeli, ya lita 2.5. Magari ya jina hili yalianza kuuzwa huko Japani mwaka 1968, yakiwa malori madogo ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Yale yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne yalikuja baadaye, nayo ndiyo yaliyoenea katika nchi zenye barabara mbaya. Siku hizi hutengenezwa katika nchi nyingi, zikiwamo Thailand na Afrika Kusini. Kwetu hapa Shinyanga na kule Geita, mtu akisimama kando ya barabara kwa saa moja hakosi kuyaona yakipita, mengine ya migodini, mengine ya serikali, mengine ya wafanya biashara.

Langu nililinunua mkononi mwa mtu mwaka 2012, kwa mkopo wa chama cha akiba. Wakati huo lilikuwa limekwisha kwenda kilomita 118,000. Leo limepita kilomita 339,000. Kwa miaka yote hiyo limefanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni safari zangu. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni biashara ya mama watoto, ambaye hununua mchele wa majaruba ya Kahama na kuupeleka Geita na Katoro, mahali ambapo wachimbaji wa dhahabu ni wengi na mashamba ya mpunga ni machache.

Siku nilipolinunua, mzee mmoja fundi alinipa shauri ambalo nalishukuru hata leo. Aliniambia ninunue daftari la kurasa 96, nilitie ndani ya gari pamoja na kalamu, na kila mara niandike tarehe, kilomita, dizeli niliyotia, mzigo niliochukua, na kitu nilichotengeneza. Nimelijaza daftari la kwanza na la pili, na sasa niko katika la tatu. Yote nitakayosema hapa yametoka humo. Kichwa cha mtu husahau, tena husahau zaidi yale yanayomtia aibu.

Kwanza nitasema mema. Gari likiwa na mzigo wa haki katika barabara ya lami, hunipa kilomita 10 hivi kwa lita moja ya dizeli. Barabara ya vumbi hupunguza, na matope hupunguza zaidi. Injini haijafunguliwa hata mara moja. Hili si muujiza. Oili huimwaga kila baada ya kilomita 5,000, na chujio lake hubadilishwa siku iyo hiyo. Mkanda unaoendesha vali nimeubadilisha mara mbili, nilipofika kilomita 148,000 na tena 297,000, kabla ya wakati uliowekwa na kitabu cha gari. Mkanda huo ukikatika injini inapozunguka, vali na pistoni hugongana, na gharama yake yaweza kuwa sawa na injini nyingine.

Adui wa pili ni vumbi. Kuanzia mwezi wa Mei mpaka mvua zirudi, vumbi la kwetu ni laini kama unga. Likipenya chujio la hewa huingia katika silinda na kuzisugua kama msasa. Kwa hiyo wakati wa kiangazi mimi hulitoa chujio kila juma na kulipuliza kwa upepo, nikianzia ndani kwenda nje. Anayepuliza kutoka nje hulisukuma vumbi ndani zaidi, akadhani amesafisha. Adui wa tatu ni maji katika dizeli. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini, na kwa sababu hiyo chini ya chujio la dizeli pamewekwa mahali pa kuyamwagia. Mtu akizoea kuyamwaga, pampu na nozeli hudumu.

Juu ya magurudumu manne napenda kuondoa kosa moja. Watu hudhani kwamba gari la namna hii haliwezi kukwama. Wakulima wa Kisukuma wanajua tofauti ya luseni, udongo wa kichanga, na mbuga, udongo mweusi unaonata. Katika luseni gari hupita. Katika mbuga iliyolowa, tairi hujaa tope mpaka meno yake yasionekane, na hapo magurudumu manne huteleza kama mawili. Yafaa kuyaunganisha magurudumu yote kabla ya kuingia matopeni, wala si baada ya kuzama. Na ukirudi kwenye lami yaache ya nyuma yafanye kazi peke yake. Gari likata kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Matopeni hiyo tofauti huishia katika kuteleza, lakini lami haitelezi, na meno ya gia ndiyo yanayoumia.

Sasa nafika kwenye jambo lililonigharimu, nalo ni mzigo.

Chukueni futi ya kupimia. Bodi ya gari langu kwa ndani ni mita 1.5 kwa urefu, mita 1.5 kwa upana, na kina cha mita 0.45. Zidisheni, mtapata mita 1 ya ujazo na kidogo juu yake. Tukiijaza maji, uzito wake ni tani 1. Tukiijaza mchele, ni kama kilo 800. Tukiijaza mawe yaliyovunjwa, ni tani 1 na nusu, wala hayataonekana kupita kingo za bodi. Macho yanaona bodi ile ile, lakini springi hazioni bodi. Zinaona uzito.

Je, gari limeruhusiwa uzito gani? Watu husema pikapu ni ya tani moja. Mimi nilichukua kitabu cha gari langu, nikatoa uzito wa gari tupu katika uzito wa mwisho unaoruhusiwa, zikabaki kilo 900 hivi. Humo huhesabiwa watu pia. Mimi na mama watoto tukipanda, kilo 140 zimekwisha tumika. Zinabaki 760, yaani magunia 7 ya mchele ya kilo mia mia, wala si 8.

Nilifanya hesabu hiyo, nikaifuata kwa miaka mitano. Mwaka 2017 nikaiacha. Upande wa Geita, wakati wa likizo ya shule, mtu mmoja aliniomba nimchukulie viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara mpaka kwenye karasha, mahali yanaposagwa. Malipo yalikuwa mazuri, tena ya siku ile ile. Kila kiroba kilikuwa na kilo 50 hivi. Tulipopakia viroba 15, kwa hesabu yangu gari lilikuwa limejaa, lakini kwa macho bodi ilikuwa nusu tupu. Wapakiaji wakacheka, wakasema, "Mwalimu, hata halijainama!" Wakaongeza mpaka 28. Ni kweli kama walivyonena wahenga, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini siwalaumu, kwa maana mwenye gari na mwenye hesabu alikuwa mimi.

Gari lilikwenda. Likaenda siku ya pili na ya tatu. Nikaanza kuamini kwamba kitabu kiliandikwa na watu waoga. Daftari langu la mwezi ule lina kilomita na fedha, lakini safu ya mzigo ni tupu. Niliona haya kuandika.

Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kanuni ya Robert Hooke, Mwingereza aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1678. Springi hurefuka au hupinda kwa kadiri ya uzito unaotiwa, na uzito ukiondolewa hurudi mahali pake. Lakini kuna mpaka. Ukiupita, springi hairudi yote. Hubaki imepinda kidogo, na ndani ya chuma nyufa ndogo huweza kuanza ambazo jicho halizioni. Tena mzigo uliokaa kimya si sawa na mzigo unaorukaruka, kwa sababu kila shimo la barabara huupiga mzigo chini kwa nguvu kuliko uzito wake wenyewe.

Likizo ikaisha, mawe nikayaacha, gari likarudi kwenye mchele. Mwezi wa Machi mwaka 2018 tulitoka Kahama kwenda Geita kwa njia ya Kakola, tukiwa na magunia 7, mzigo wa haki kabisa. Fedha za mchele ule mama watoto alikuwa amezikopa katika kikundi chao cha akina mama. Usiku, mvua ikinyesha, tuliingia katika korongo dogo lililokata barabara, tukasikia mlio kama wa bunduki. Jani kubwa la springi ya nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limekatika. Gari lilikaa upande, turubai likavutika, na magunia mawili yakaanguka matopeni. Tulilala pale. Kulipokucha, magunia manne yalikuwa yamelowa.

Mama watoto hakunigombeza. Alianika mchele kwa siku mbili kwenye ua wa ndugu zetu, akauuza kwa bei ya chakula cha kuku, akalipa deni la kikundi kwa kuuza ng'ombe mmoja. Lile duara la mawe hakulitaja, wala mimi sikulitaja.

Gari lilipofika kwa yule mzee fundi, alitazama chini yake kwa muda mrefu. Springi zote za nyuma zilikuwa zimelala, shokapu zimevuja, na chesisi ilikuwa na ufa mahali springi inaposhikwa. Nikamwambia, "Lakini mzee, siku ile lilikuwa na magunia saba tu." Akanijibu, "Mwalimu, gari halina mdomo wa kukataa mzigo. Linapokea, linaweka, na siku yake ikifika linakudai." Nilipojumlisha gharama katika daftari, fedha zote za mawe zilikwisha, nikaongeza na mshahara wa mwezi mmoja. Mchele na ng'ombe sikuvitia katika hesabu hiyo.

Tangu siku ile sijapita magunia 7. Hata njia tumeibadilisha. Zamani tuliikwepa njia ya Usagara na Sengerema kwa sababu ya kungoja kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Lakini tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na sasa mchele wa kwenda Geita huweza kupita juu ya Ziwa bila kungoja. Njia ni ndefu zaidi kwetu, lakini ni ya lami, na daftari linaonyesha kwamba tairi na bushi zinanishukuru.

Basi, swali la kwanza: je, pikapu ni gari zuri? Ndiyo, ni zuri kwa mtu mwenye mzigo wa kuchukua na mwenye subira ya kuhesabu. Likiwa tupu hurusha abiria kwa ugumu wa springi za nyuma, na katika lami iliyolowa mkia wake ni mwepesi, hutaka mwendo wa taratibu. Asiye na mzigo afadhali anunue gari dogo. Na anayenunua pikapu iliyotumika asitazame rangi tu. Alale chini, atazame springi na chesisi, kwa maana huko ndiko yalikoandikwa yale ambayo mwenye gari hakuyaandika katika daftari.

Na swali la pili? Fanyeni hesabu wenyewe. Wachezaji 15 wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 900, na dereva bado hajapanda. Tena gunia hulala chini likatulia, lakini watu husimama, uzito wao ukawa juu, na gari likikata kona wote huegemea upande mmoja. Gunia likianguka nalijua hasara yake, nami nimekwisha kuilipa. Mtoto wa mtu akianguka, hakuna ng'ombe wa kulipa deni hilo.

Kwa hiyo timu iende kwa basi, nami nitachukua mipira, jezi na maji ya kunywa, na wachezaji wanne ndani, kila mmoja na mkanda wake. Na atakayeniona nikipita na bodi tupu, asinihesabu kuwa mchoyo.