SAFARI ZA ALBATROSI WAKATI WA KULEA



Jina la albatrosi si geni kwa madarasa ya juu. Tulilipata katika somo la Kifaransa, katika shairi la Baudelaire ambalo liliingia katika chapa ya pili ya kitabu chake Les Fleurs du mal, mwaka 1861. Lakini wengi wetu tulimaliza somo bila kujua ni ndege gani. Wamoja walisema ni aina ya korongo, wengine wakasema ni bata mkubwa. Hapana, ni ndege ya bahari, tena ya kusini kabisa, na hapa kwetu haifiki. Leo tunapenda kueleza jambo moja tu: ndege hii inaruka namna gani wakati iko na yai ao mtoto, na sababu gani wakati ule kifo cha mzazi mmoja kinaharibu nyumba nzima.

1. KWAO NI WAPI

Tumechagua albatrosi kubwa ya visiwa vya Crozet, ambayo wataalamu wanaita Diomedea exulans. Crozet ni visiwa vya Ufaransa, kusini mwa Bahari ya Hindi, mbali sana chini ya Madagaska. Kule ni baridi na upepo siku zote. Ndege yenyewe ina uzito wa kilo 8 mpaka 11, na ikitandaza mabawa yake, toka ncha mpaka ncha ni karibu meta 3. Inataga yai moja tu, mwisho wa Desemba ao mwanzo wa Januari. Baba na mama wanapokezana kulilalia kwa siku 78 hivi. Kisha mtoto anakaa kwenye kiota karibu miezi 9 mbele ya kuruka. Njo maana jozi ikifaulu kulea, haitagi tena mpaka mwaka unaofuata upite.

2. KURUKA BILA KUPIGA MABAWA

Ndege nzito hivi ingechoka upesi kama ingepiga mabawa siku nzima. Mwewe tunaowaona juu ya uwanja wanapanda kwa msaada wa hewa ya moto inayotoka chini. Albatrosi haina hewa ya moto kule, inatumia upepo.

Tufahamu kwanza hivi: karibu na maji upepo ni pole, sababu unajikwaruza kwenye mawimbi. Meta 10 ao 15 juu, upepo ni mkali zaidi. Albatrosi inaanza chini, inageukia upepo na kupanda. Kila ikipanda inakutana na upepo wenye nguvu zaidi, na ule upepo unaisukuma juu. Ikifika juu inageuka, inateremka na upepo mgongoni na kupata mbio nyingi. Karibu na maji inageuka tena, na inaanza upya. Mwenye chukudu anajua: mbio za mteremko zinakusaidia kupanda kilima kidogo cha mbele. Lakini chukudu mwishowe inasimama. Albatrosi kila mzunguko inapata nguvu mpya kwa upepo.

Tena, kwenye bega lake kuna mshipa mgumu unaoshika bawa lililotandazwa, nyama za mwili zisichoke. Wataalamu walipima moyo wake ikiwa angani, wakakuta haupigi mbio kupita sana wakati imepumzika. Lakini upepo ukikufa, ndege inakaa paka juu ya maji, inangoja.

3. SAFARI YA WAKATI WA YAI

Mwaka 1989, Wafaransa wawili, Pierre Jouventin na Henri Weimerskirch, walifunga vyombo vidogo vya redio kwenye migongo ya albatrosi za Crozet, na satelaiti ikazifuata. Mwaka 1990 walitangaza matokeo: katika safari moja ya kutafuta chakula, wakati mwenzake analalia yai, ndege ilitembea kilometa 3.600 mpaka 15.000! Toka Kinshasa mpaka Lubumbashi angani ni kama kilometa 1.600. Basi 15.000 ni zaidi ya kwenda na kurudi mara 4. Siku nyingine ilifika mpaka kilometa 900.

Na yule aliyebaki? Anakaa juu ya yai, hali kitu, hanywi kitu, anaishi kwa mafuta ya mwili wake mpaka mwenzake arudi. Mwenzake akikawia sana, njaa inamshinda, anaacha yai na kwenda baharini. Yai likiachwa katika baridi ile, limekufa.

4. SAFARI FUPI NA SAFARI NDEFU

Mtoto akitoka katika yai, mambo yanabadilika. Majuma ya kwanza hawezi kujipasha moto mwenyewe wala kungoja chakula siku nyingi. Basi wazazi wanafanya safari fupi, karibu na kisiwa, na mmoja anabaki naye. Baadaye wanamwacha peke yake, wote wawili wanakwenda kutafuta samaki na ngisi, yule mnyama wa bahari mwenye mwili laini na mikono 10. Hapo wanachanganya: safari fupi, kisha safari ndefu.

Sababu gani wasifanye fupi tu? Ndege wengi wa jamaa hii wamepimwa uzito. Katika safari fupi mtoto anapata chakula mara nyingi, lakini mzazi anakonda. Katika safari ndefu mzazi anajilisha mwenyewe na kurudisha nguvu. Mzazi anayejisahau kabisa hatafika mwisho wa ile miezi 9.

5. ADUI ALIYE NJIANI

Mume na mke hawaendi upande mmoja. Madume wanapenda kusini zaidi, majike wanakwenda kaskazini, kwenye maji yenye joto kidogo. Kule merikebu za kuvua samaki wakubwa zinatupa kamba za kilometa nyingi zenye maelfu ya ndoana. Ndege inaona chambo juu ya maji, inameza, ndoana inaivuta chini, inazama. Ndiyo sababu majike wa Crozet wamekufa zaidi kuliko madume. Mume anabaki na yai ambalo hawezi kulilalia peke yake, tena anaweza kukaa miaka kadhaa mbele ya kupata mke mwingine.

Dawa ipo, wala si ya bei kali: kutupa kamba usiku, kutia uzito ili chambo kizame upesi, na kufunga vitambaa vya rangi nyuma ya merikebu ili kufukuza ndege. Merikebu zinazofanya hivi zinaua ndege wachache sana. Lakini zingine zinajificha. Toka 2018 mpaka 2019 albatrosi 169 zilibebeshwa vyombo vinavyosikia rada, zikakuta merikebu zaidi ya 350, na zaidi ya robo zilikuwa hazionyeshi mahali zilipo.

6. KUMALIZIA

Tukiona ndege peke yake angani wakati wa kulea, tusidhani iko peke yake. Nyuma yake kuna mwenzake mwenye njaa na yai ao mtoto anayengoja. Hata mbayuwayu walio chini ya paa la refektwari yetu, baba na mama wanalisha pamoja. Kwa hiyo tunawaomba wadogo wetu wa mwaka wa kwanza na wa pili: ile mipira ya kutupia mawe, muiache nyumbani.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa 6, biolojia-kemia