Je, Ugonjwa wa Baba Ulianzia Jeshini?

Msomaji, je, katika ukoo wenu kuna askari mstaafu? Ikiwa nyumbani kwenu ni Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki au Nyahururu, yamkini jibu lako ni ndiyo. Miji hii ya eneo la Mlima Kenya imetoa askari tangu enzi za mkoloni. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alivuma kwa jina la Jenerali China, alikuwa mmoja wa vijana wa Nyeri waliopelekwa Burma na jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baada ya uhuru, vijana wengine walifuata mkondo huo huo. Walioingia jeshi la wanahewa wakafanya kazi Nanyuki kwenyewe, katika kituo cha ndege za kivita cha Laikipia.

Wengi wa wazee hawa si wasemaji. Ukimwuliza alikuwa wapi mwaka fulani, atakujibu tu kwamba alikuwa kazini. Lakini siku daktari anapotamka neno saratani, watoto waliopanda matatu kutoka Nairobi kuja kumjulia hali huanza kuulizana kwa minong'ono. Ugonjwa huu umetoka wapi? Ni sigara? Ni zile dawa alizokuwa akinyunyizia kahawa shambani? Ama ni mambo ya huko jeshini?

Swali hilo la mwisho si la kipuuzi hata kidogo. Mataifa makubwa yameulizwa swali hilo hilo na askari wao, na baadhi yamelazimika kulijibu kwa sheria na kwa fedha.

ADUI ASIYE NA BUNDUKI

Tunapomfikiria askari, tunafikiria risasi na bomu. Hata hivyo, siku nyingi za askari si za kupigana. Ni za kutengeneza magari, kujaza ndege mafuta, kusafisha vyuma vya injini, kuzima moto na kuteketeza taka za kambi. Ni katika kazi hizo za kawaida ambamo sumu hupenya mwilini polepole.

Shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo mjini Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Afya Duniani, limeviweka baadhi ya vitu hivyo katika daraja la kwanza, yaani vile ambavyo imethibitishwa kuwa huleta saratani kwa binadamu. Benzini, iliyomo ndani ya petroli na mafuta mengine, huweza kuleta saratani ya damu. Asbestosi, iliyotumiwa zamani kwenye mapaa, mabomba na breki za magari, huharibu mapafu na utando wake. Moshi wa dizeli uliingizwa katika daraja hilo mwaka 2012, na kazi ya kuzima moto ikafuata mwaka 2022.

Ubaya wa sumu hizi ni kwamba hazina haraka. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbestosi huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi lake. Kijana aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi mwaka 1980 anaweza kuugua akiwa babu, amekwisha kusahau hata jina la karakana aliyofanyia kazi.

Lakini tusikimbilie kulaumu. Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 katika mwaka 2022, na wengi wao hawakuvaa sare ya jeshi hata siku moja. Umri peke yake huongeza hatari. Sigara, pombe, virusi na urithi wa damu pia humo. Daktari akiupima uvimbe wa mzee mmoja, aghalabu hawezi kukwambia kwa yakini kwamba huu ulitoka kwenye mafuta ya ndege na ule ukatoka kwenye tumbaku. Hapo ndipo penye fundo. Ikiwa mgonjwa ndiye atakiwaye kuthibitisha chanzo, atafia mlangoni akingoja ushahidi.

WENZETU WALIFUNGUAJE FUNDO HILO?

Marekani ilinyunyizia misitu ya Vietnam dawa za kuua majani, ikiwemo ile iitwayo Agent Orange, katika vita vya huko, kuanzia mwaka 1962 hadi 1971. Askari waliporudi nyumbani na kuanza kuugua, waliambiwa walete ushahidi. Walihangaika kwa miaka mingi. Hatimaye mwaka 1991 ikatungwa sheria iliyogeuza mambo: aliyehudumu Vietnam na akaugua mojawapo ya magonjwa yaliyoorodheshwa huchukuliwa kuwa aliupata ugonjwa huo kazini. Saratani ya tezi ya kibofu iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 1996, robo karne baada ya unyunyizaji kukoma.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Ilijaribu mabomu yake ya nyuklia huko Australia na katika visiwa vya Pasifiki katika miaka ya 1950, askari wakitazama. Wazee hao walipofika Mahakama ya Juu mjini London mwaka 2012, majaji walio wengi waliamua kwamba wamechelewa mno kushtaki. Visiwa vya Fiji, ambavyo vijana wake walikuwako pia kwenye majaribio hayo, havikungoja zaidi. Mwaka 2015 serikali ya Fiji iliamua kuwalipa wazee wake waliosalia kutoka mfuko wake yenyewe. Fiji si nchi tajiri, msomaji. Ilikuwa na nia tu.

ARDHI MOJA, ASKARI WAWILI

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mnamo Agosti 2022 Marekani ilitunga sheria nyingine, inayojulikana kama PACT, kwa ajili ya askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini. Katika mashimo hayo yalichomwa matairi, plastiki, rangi, betri na hata takataka za hospitali. Katika orodha ya nchi zinazohusika imo Somalia, kuanzia Agosti 1990, na Jibuti kuanzia Septemba 2001.

Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mnamo Oktoba 2011, na mwaka uliofuata yakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika. Wamo vijana wa Nyeri na Laikipia waliokwenda huko. Hebu wazia basi ndugu wawili wa Mathira. Mmoja alihamia Marekani, akajiunga na jeshi la huko, akapelekwa Somalia. Mwingine alibaki, akavaa sare ya Kenya, akapelekwa Somalia hiyo hiyo. Wote wawili wakiugua saratani ya mapafu, yule wa kwanza hahitaji kuthibitisha kwamba hewa ya huko ndiyo iliyomdhuru. Sheria imekwisha kumwamini. Huyu wa pili hana orodha ya namna hiyo ya kumtetea.

Na si kwamba Kenya haijui mambo haya. Sheria yetu ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 ina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini sheria hiyo yasema wazi kwamba haiwahusu wanajeshi, ambao mambo yao ya pensheni na fidia yamo katika sheria nyingine. Karani wa kiwanda cha kahawa yumo, askari hayumo. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya wanajeshi wastaafu, yenye shabaha ya kuwatambua na kuwatunza. Hiyo ni hatua njema. Ingefaa orodha ya magonjwa iongezwe juu yake.

MOSHI WA LOLLDAIGA

Wakazi wa Nanyuki wamekwisha kuonyesha kwamba mambo ya kijeshi yanaweza kuulizwa mahakamani. Mnamo Machi 2021 moto ulizuka katika shamba la Lolldaiga wakati askari wa Uingereza wakifanya mazoezi, ukateketeza maelfu ya ekari. Wenyeji walilalamika kwamba moshi uliwadhuru wao na mifugo yao. Mwaka 2022 mahakama ya Nanyuki iliamua kwamba jeshi hilo laweza kushtakiwa hapa nchini, na mwaka 2025 Uingereza ikalipa takriban pauni milioni 2.9 kwa watu zaidi ya 7,000. Ukizigawa fedha hizo utaona kwamba fungu la kila mmoja si kubwa. Lakini walioandikisha majina yao walihesabiwa. Asiyeandikisha hakuhesabiwa.

WEWE UFANYE NINI?

Hilo ndilo funzo kwako wewe uliye na mzee nyumbani. Usingoje augue. Likizo ijayo, keti naye mkiwa na daftari. Mwandikie kila kambi aliyokaa, miaka yake, na kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Alishika mafuta gani? Alivuta moshi gani? Alipewa glavu na barakoa, au la? Ni nani walikuwa naye, na kati yao ni nani waliougua? Tunza pamoja na daftari hilo cheti chake cha kustaafu, barua zake na karatasi zote za hospitali.

Akienda kwa daktari, umwambie daktari kwamba mzee huyu alikuwa askari na utaje kazi yake. Aghalabu daktari hulijua shamba lake la chai, wala hajui kwamba alikaa miaka 15 katika karakana ya ndege. Kikohozi kisichokoma, damu katika mkojo au choo, uvimbe usiopungua, kukonda bila sababu: hayo si ya kungojea. Wanaume waliofika umri wa miaka 50 wazungumze na daktari juu ya kupimwa tezi ya kibofu, na mapema zaidi ikiwa ndugu wa damu amewahi kuugua. Saratani ikigunduliwa mapema, aghalabu hutibika kwa urahisi zaidi.

Nanyi wanafunzi, hasa wa sheria na udaktari, hapa pana kazi. Hesabu ya askari wastaafu wanaougua saratani, kambi kwa kambi na kazi kwa kazi, ingekuwa msingi wa orodha ambayo Bunge lingeweza kuijadili. Marekani haikuamka siku moja ikawahurumia askari wake. Ilisukumwa na wajane na watoto waliofika na makaratasi mikononi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Afya ya mzee wako ni mali. Ifungulie daftari angali na pumzi ya kukusimulia.