Betri ya Akiba na Jokofu la Nyumbani: Namna ya Kukadiria Saa Zitakazopatikana

Kwa kaya inayohifadhi insulini, maziwa ya mtoto au samaki wa biashara ndogo, kukatika kwa umeme usiku mmoja ni hasara inayohesabika. Ndiyo sababu baadhi ya wananchi hununua betri na inveta kwa ajili ya jokofu. Swali linaloulizwa dukani ni moja, betri hii itadumu saa ngapi, na jibu hutolewa haraka mno, pengine kabla muuzaji hajauliza jokofu lenyewe ni la aina gani. Mwananchi anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kulipa.

Hatua ya kwanza ni kujua matumizi ya jokofu kwa siku. Wati zilizoandikwa nyuma yake hazitoshi, kwa kuwa kompresa haifanyi kazi muda wote. Huwaka, hupoza, kisha hujizima. Njia rahisi kwa mtumiaji wa LUKU ni kuzima vifaa vingine vyote, kusoma uniti zilizobaki saa 4:00 usiku, na kuzisoma tena saa 12:00 asubuhi. Ikiwa zimepungua uniti 0.3 katika saa hizo nane, matumizi ya siku nzima ni takribani uniti 0.9. Hata hivyo, usiku hewa ni baridi zaidi na mlango haufunguliwi, hivyo ni vema kuhesabu uniti 1, yaani wati-saa 1,000, ambazo ni wastani wa wati 42 mfululizo. Katika joto la Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari, jokofu hilohilo laweza kuhitaji zaidi.

Betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Si zote zinazotumika. Betri ya risasi na asidi ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu huchakaa upesi, hivyo zihesabiwe wati-saa 600 tu. Inveta nayo hupoteza takribani asilimia 15 katika kuubadili umeme, zikabaki 510. Aidha, inveta yenyewe hutumia umeme hata kompresa inapopumzika, jambo ambalo wengi hulisahau. Tukiikadiria wati 10, mzigo wote unakuwa wati 52. Gawanya 510 kwa 52: ni karibu saa 10. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo, ambayo huweza kutumika hadi asilimia 80, itafikisha takribani saa 16.

Hesabu hii ni ya betri mpya iliyojaa. Betri ya gari haifai kwa kazi hii, kwa kuwa imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa muda mfupi wa kuwasha injini, si kutumika polepole usiku kucha.

Inveta nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, kwa muda mfupi sana, na inveta ndogo hujizima papo hapo ingawa betri imejaa.

Katizo fupi halihitaji betri. Mlango ukibaki umefungwa, chakula katika jokofu hubaki salama kwa takribani saa 4, na friza iliyojaa huhifadhi ubaridi hadi saa 48. Insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi na haipaswi kuganda. Isiwekwe kwenye friza kwa hofu ya umeme kukatika.

Betri ya asidi iwekwe mahali penye hewa ya kutosha, kwani hutoa gesi inayowaka inapochajiwa. Inveta isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili kuulisha umeme mfumo wa nyumba, kwa sababu umeme huo waweza kurudi kwenye laini na kumuua fundi anayeitengeneza. Kazi ya kuiunganisha na nyaya za nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.